Sikio la Cirhuza

Karatasi ya daktari niliibandika ukutani
juu ya mtungi: kumi na nane juu ya kumi na moja.
Chini yake, kwa kalamu iliyokuwa ikiishiwa wino,
punguza chumvi, punguza mafuta.
Cirhuza aliisoma akiwa amesimama,
bisibisi mkononi, redio ya mtu
imepasuliwa tumbo mezani,
akasema, "Si wangeandika tu: punguza ndoa."

Maana mimi nilimpata kwa mafuta.
Mwaka ule nilikaanga sambaza pale Kadutu,
karai jeusi, moshi machoni,
naye akipita kila jioni na bakuli la bati
akidai hanunui samaki,
ananunua mlio.

Wiki ya kwanza nilimchemshia.
Samaki laini kama kitambaa kilicholowa.
Alikula bila neno, na ule ukimya
ulikuwa na chumvi kuliko chakula.
Wiki ya pili akaanza kupotea mchana,
anarudi midomo inang'aa.
Sikuuliza. Nilimpa taulo.

Jumamosi nikashuka sokoni mapema,
tope likinivua kandambili.
Kwa Nsimire nikachagua tilapia wawili
ambao macho yao yalikuwa bado yanadai maelezo.
Nikawakata vipande vya vidole viwili,
nikawapangusa hadi kitambaa kikachoka;
maji ni adui wa mlio,
hilo halihitaji daktari.
Ndimu. Tangawizi. Kitunguu saumu kingi,
kishike zamu ya chumvi iliyofukuzwa.
Halafu ute wa yai, halafu unga wa mahindi
na mkate mkavu wa juzi
nilioutwanga nikimfikiria
yule anayemuuzia mchana.

Mafuta: kijiko kimoja.
Nilikihesabu mara mbili kama kodi ya nyumba.

Umeme ukaaga saa kumi na mbili, bila kwaheri.
Nikateleka sufuria kavu juu ya mbabula,
changarawe chini, sinia juu ya changarawe,
samaki juu ya sinia, wasigusane,
kifuniko,
na juu ya kifuniko makala mekundu.
Moto chini, moto juu,
samaki katikati kama bwana harusi kati ya wakwe.

Sinia la kwanza liliungua upande mmoja
na upande wa pili likabaki linafikiri.
Paka wa kina Cishugi hakulalamika.

La pili nilisubiri. Nilikaa kwenye kigoda,
nikasikiliza mvua ya Bukavu ikitembea juu ya mabati,
na chini yake, ndani ya sufuria,
mvua nyingine, ndogo, kavu.

Chapati nilizipika bila tone,
nyembamba, zikapiga mabaka usoni.
Kabichi iliyokatwa nywele nywele,
parachichi la Walungu nililoliponda kwa uma,
pilipili moja, mbegu zake nikazisamehe zibaki.
Samaki ndani, kunja, peleka.

Alikuwa gizani na tochi mdomoni,
akiitafuta sauti ndani ya redio ya padri.
Hakukunjua mkono kupokea.
Alichomoa kipande kimoja kwanza,
akakigonga kwa kucha, akakisogeza sikioni
kama anavyofanya na spika
ambayo mwenyewe ameapa kwamba imekufa.
Kisha akauma.

Nyumba nzima ilisikia.
Hata mtoto aliyesingizia usingizi
aliinua kichwa.

"Iko inalia," akasema.
Akatafuna. Akatafuna tena, polepole,
kama anayezungusha kifundo kutafuta stesheni,
maana mume wangu hajui kudanganya
kwenye mambo ya mlio.
"Iko inalia. Lakini inalia kwa mbali kidogo."

Nikazima mbabula kwa majivu.
Nikamwambia, basi sogea karibu.