Hesabu ya Michembe

Mama aliniachia ng'ombe kumi na mmoja
na daftari la jalada jekundu, lililoliwa na mchwa pembeni.
Humo kila ng'ombe ana mama, na mama ana mama,
mwandiko ukirudi nyuma hadi kwa mtamba mmoja
mwenye doa jeupe usoni,
"alinunuliwa Kageye, kwa michembe."

Nikiwa mdogo niliuliza:
michembe mingapi hununua ng'ombe?
Mama akasema, inategemea
nani ana njaa na nani analipa.

Nyanzobe, bibi wa bibi yangu, alikuwa mjane
mwenye shamba la viazi na mwamba mpana wa kuanikia.
Mitumbwi ya kushonwa ilitoka Buganda
imebeba pembe, na watu wa kuzibeba pembe hadi pwani,
wao wenyewe wakiwa bidhaa.
Ghubani ukajengwa ua wa magogo.
Ndani ya ua, vinywa.

Kwetu hakuna aliyeshika kamba.
Hivyo ndivyo tunavyosema msibani, harusini,
na mgeni wa chuo akija na kinasa sauti.
Kwetu tulishika ungo.

Kiganja kimoja kwa kichwa, asubuhi;
jioni maji ya ziwa, ambayo hayana bei.
Malipo yalikuja kwa merikani, shanga, waya wa shaba.
Usiku Nyanzobe alijifunza kusikiliza makasia:
makasia mengi, viazi vingi vya kukatwa kabla ya jua.
Shoma, jirani yake, aliuza kuni. Bugumba alikodisha vibanda.
Mhunzi aliyezoea kufua majembe alipata oda nyingine.
Mtemi alipokea hongo,
neno ambalo siku hizo halikuona haya,
lilikuwa jina la ada.
Kijiji kikanenepa.
Wanawake wakavua ngozi, wakajifunga kaniki;
mahari ikapanda;
hata mbwa, Mama alisema, wakaanza kuchagua mfupa.

Mchi wetu wa zamani una chale tangu kichwani hadi kiunoni.
Nilitwanga mtama kwa mchi huo miaka yote
nikidhani ni urembo.
Ni wiki ile ya mwisho, pumzi ikimkwama,
ndipo Mama aliposema: alikuwa akiwahesabu, asipunjwe.
Nikazipitia chale kwa ukucha, gizani,
mara mbili, nikitumaini nimekosea.
Mia mbili na kumi na nne.
Bwana wa ua alihesabu frasila.
Nyanzobe ndiye pekee aliyehesabu vinywa,
navyo alivihesabu kwa ajili ya deni.

Siwezi kumtukana. Nimekula.
Ada yangu ya sekondari ilikuwa fahali.
Bati za nyumba hii zilikuwa mitamba miwili.
Miwani ninayosomea daftari,
maziwa.

Jumamosi nilimpeleka mmoja mnadani Magu,
mwekundu, doa usoni.
Mnunuzi akamfungua kinywa, akatazama meno,
akampapasa mbavu, akamtembeza huku na huku,
akauliza: huyu uzao wa nani?
Nikasema: mia mbili na kumi na nne.

Akadhani nataja bei, kwa maelfu.
"Rahisi," akasema,
akalamba kidole, akaanza kuhesabu.