Hatua Moja Nyuma

Fundi wa studio alichora chaki sakafuni, alama tatu:
Nyadoi hapa, pua karibu iguse chuma,
Adikini hatua moja nyuma,
Obbo, kwa uzito wa sauti yake, mbili, pale mlangoni.
Maikrofoni ilikuwa moja. Umeme ulikatika mara nne
na kila uliporudi tulirudi kwenye chaki.
Adikini ni mimi.

Kuimba tulikuta Tororo, kwenye nyumba za reli,
baba akigeuza njia za treni kwa taa ya kijani
na vumbi la saruji likitua juu ya shuka tulizoanika.
Gari la mizigo la saa kumi alfajiri
lilipiga honi, nasi watatu tukaijibu kitandani.
Nyadoi aliidaka kwa juu,
Obbo akaiburuta chini,
mimi nikabakiwa na pale katikati, pembamba
kama nafasi ya anayelala kati ya wenziwe.

Mwenye duka hupima sukari akipiga mluzi
ule wimbo wetu wa mto Malaba.
Anachopiga ni Nyadoi.
Sijawahi kusikia mluzi wa sauti yangu.
Sikununa. Chumvi hutajwa ikikosekana.

Kisha usiku ule, kizuizi cha barabara, kabla ya Bugiri.
“Nyinyi ndio wale wa redioni? Haya, imbeni.”
Tuliimba tumepiga magoti, taa za lori machoni,
hadi koo zikatoa upepo mtupu.
Askari mmoja, mdogo, kofia imemzidi kichwa,
alijua maneno yote.
Kulipokucha waliachia wawili.

Siongezi hapo.

Tuliendelea, maana ada ya shule haina matanga.
Harusi za Mbale, hoteli za Jinja,
gauni mbili za kitambaa kimoja.
Ile hatua ya pili jukwaani ilibaki wazi,
na Nyadoi, hata akicheza hadi viatu vikamtoka,
hakuikanyaga.

Yeye tumemzika Aprili, kaburi likijaa maji.
Wiki iliyofuata wakaniita redioni:
Mama, tuimbie basi ule wa Malaba.
Nikafumba macho, nikaanza.
Kijana wa watu akatabasamu kwa adabu,
akatazama karatasi yake, akanitazama.
Hakuutambua.
Miaka arobaini, na wimbo ule
mimi najua ubavu wake tu.

Leo mjukuu kaifuta santuri kwa upindo wa shati.
Nilidhani nitaimba pamoja nao.
Nyadoi yupo. Obbo yupo, kule mlangoni,
namsikia akivuta pumzi kabla ya kiitikio.
Ila hatua moja nyuma
kasimama msichana fulani, hanipishi,
hana haraka, hajui lolote la Bugiri,
anawashika wote wawili wasianguke.

Nikapunguza moto wa jiko nimsikie.