Koti Jipya

Saa kumi na moja alfajiri, juu ya Ukwega,
baridi imekaa kwenye vifundo vya vidole kama mdai,
nasi watatu tumejikunyata nyuma ya mianzi
tukikodolea macho upenyo uleule
ambamo kila msimu pongo hutoka.

Hatoki.

Leseni ipo mfukoni, imekunjwa mara nne.
Niliilipia kwa magunia mawili ya viazi
na jogoo mmoja asiyekuwa na kosa.
Leo siku ya kumi na moja.
Tumeona kwale. Tumeona tumbili akitucheka.
Tumeona mavi makavu, makavu hivi
kwamba Kihwele aliyavunja kwa kidole, akanusa,
akasema, "Haya ni ya Kwaresima."

Jua lilipopanda tukaketi kwenye gogo na dumu la komoni.
Nyaulingo akaanza na misonobari:
"Wamepanda mpaka mtoni.
Chini ya msonobari hauoti hata uyoga wa kukuua.
Pongo atakula nini, sindano?"
Kihwele akashika parachichi,
uzio wa yule bwana wa mjini, taa zake za usiku kucha,
misumeno, pikipiki za wabeba mbao,
mbwa wa Mbembati walionyimwa ugali
wakajiajiri wenyewe.
Akalaumu mvua iliyochelewa kukatika.
Akalaumu mwezi.
Dumu lilipozunguka mara ya tatu akanifikia mimi:
"Na wewe na koti lako jipya! Linanuka sabuni
mpaka Kilolo wanajua umeoga."

Sikujibu.
Nilikuwa nahesabu moyoni:
mwaka juzi sita, mwaka jana tisa,
na yule wa Machi, asiyeandikwa kwenye karatasi yoyote,
tuliyemla mlango umefungwa, redio imefunguliwa,
watoto wameambiwa ni mbuzi.

Tukiteremka tukakutana na shangazi Twilumba
na mzigo wake wa kuni.
"Kamwene."
"Kamwene. Mmepata?"
Ameiona mikono yetu mitupu, bado anauliza.
"Shangazi, pongo wamekwisha."
"Wamekwisha wapi? Si wapo makaburini.
Jana nilikwenda kumpalilia kaka yangu nikawakuta saba,
na kitoto kimelala juu ya saruji
kama mtu aliyelipia chumba."
Akaweka sawa kata yake kichwani, akapita.

Hakuna aliyesema kitu hadi kwenye daraja.
Makaburini miti haikatwi.
Hata wapanda misonobari walipofika pale walizunguka.
Pale mtu hukohoa kwa adabu,
sembuse kufyatua gobore.
Nani aliwaambia pongo?

Kaka yake shangazi ni baba yangu.
Ndiye aliyenifundisha kurusha majivu niuone upepo,
kukanyaga kwa ukingo wa wayo,
kutomtazama mnyama machoni kabla ya risasi.
Ngozi alizotandika maishani hazihesabiki.
Sasa yeye ndiye ametandikwa,
na wanamlalia.

Jioni nilikwenda peke yangu, mikono mitupu.
Dume lilikuwa limesimama kwenye msalaba wake,
madoa meupe ubavuni kama chokaa iliyorushwa,
likila majani ambayo shangazi hakuyafikia.
Upepo ulitoka kwangu kwenda kwake.
Kwa kosa hilo baba angenizaba kofi.
Likainua kichwa. Likanipata, sabuni na yote.
Sikio moja likageuka, kisha la pili,
kisha likaendelea kutafuna.

Kihwele amepita usiku huu kuaga.
Ametuliza akili, anasema, amepata dawa:
pongo lazima ashuke kunywa maji,
kwa hiyo kesho tumvizie kijitoni, chini ya makaburi,
pale si pa marehemu, pale ni pa kijiji.
Nimemwambia sawa, anigongee mapema.

Nitakwenda.
Koti nimeshalifua tena.