Nakala ya Kaboni

Kituoni, njia ya Bihawana, ukurasa wa tarehe tisa haupo.
"Panya," anasema wa zamu, macho kwenye simu.

Chilongani alipigwa getini, vumbi la kokoto kwenye nyusi,
siku tuliyodai maziwa na barakoa.

Lakini katibu wetu, Mama Mbeleje, huandika kwa kaboni.
Katika buku lile lile la ada ya chama, elfu mbili mbili,
chini ya michango ya Machi,
alikandamiza kalamu: saa nne, virungu vitatu, namba ya begani.

"Panya wenu anajua kusoma, afande?
Mbona kala tarehe moja?"

Nje upepo unatumwagia mchanga machoni.
Tumesimama arobaini na mmoja, risiti mfukoni,
tunasubiri namba itoke
iseme jina lake.