Mimi Hubandika

Karatasi ya hospitali ipo kwenye friji,
imeshikwa na sumaku ya tikitimaji:
*Baada ya saa sita usiku asile kitu.
Maji, mwisho saa kumi na moja.
Asivae hereni. Aje na mwanasesere mmoja.*
Hawakuandika baba aje na nini.

Mimi ni mwokaji. Hapa Kutaisi,
kutoka darajani hadi stendi ya mabasi,
watu wananijua kwa mgongo,
maana kazini huwa nimeinama,
kichwa ndani ya tanuri la udongo,
nabandika kinyunga kwenye ukuta wa moto
kwa kiganja kilicholowa.
Miaka kumi na tisa.
Nyusi zangu zilishakata tamaa ya kuota.

Na kesho Tekle, binti wa mwokaji,
ataamka asipewe hata ganda.

"Ni upasuaji mdogo," alisema daktari Khatuna,
akachora koo nyuma ya risiti:
mafindofindo mawili, makubwa kama lozi mbichi,
yamesimama mlangoni
kama mabawabu waliolewa.
"Mdogo," akarudia.
Nikamtazama Tekle, kilo kumi na tano pamoja na viatu.
Mdogo ukipimwa na nani?

Usiku hukoroma kama msumeno kwenye kuni mbichi.
Kisha msumeno unakwama.
Hapo ndipo nahesabu.
Maka, mke wangu, naye anahesabu,
nasikia midomo yake ikicheza gizani,
ila hatujawahi kuambiana tumefika ngapi.
Juzi mimi nilifika kumi na moja.

Kwenye fomu nilitia sahihi chini ya neno *nusukaputi*.
Kalamu ikagoma kuondoka.
Nusu. Na ile nusu nyingine
inakaa wapi, inashikwa na nani?

Tekle ana swali lake.
"Wakizitoa, wataweka nini mahali pake?"
Hawaweki kitu, nikamwambia.
Wanaacha nafasi.
Akafikiri, akamfunga dubu wake leso shingoni.
"Basi na yeye aachiwe nafasi."

Leo nimefunga duka saa nane mchana.
Mama mkwe, Nanuli, amenisema mpaka jioni:
tanuri hili halikuzimwa hata siku alipozikwa mumewe.
Sikumjibu. Nimeoga mara tatu,
mara ya mwisho kwa sabuni ya kufulia,
nimesugua chini ya kucha, nyuma ya masikio,
ili kesho nikimbeba
asinuse mkate shingoni mwangu akaulilia.
Maka amenisogelea, akanusa.
Akatikisa kichwa.
"Bado upo," akasema.

Kesho daktari atainama kama ninavyoinama,
juu ya kinywa kidogo chenye joto,
mwanga nyuma yake, wakati mbele yake.
Mimi hubandika.
Yeye atabandua.
Kanisani wengine wataomba miujiza;
mimi namwombea kiganja kisicho na pupa,
kiuno kisichouma,
na kifungua kinywa kizuri nyumbani kwake.
Tena ninachojua kuhusu kuinama juu ya moto ni hiki:
usiwaze jina la atakayekula.
Ukiliwaza, mkono unatetemeka, mkate unadondoka jivuni.
Basi naye asiwaze jina la mwanangu.
Jina nitabaki nalo mimi,
nje, kwenye benchi.

Saa sita kasoro dakika kumi.
Nimemwinua, hajafumbua macho.
Nimemwekea mdomoni kipande cha ndani, kile laini,
cha mkate wa mwisho wa leo.
Anatafuna akiwa usingizini,
polepole, kama mtu anayekumbuka kitu.
Makombo yameanguka kwenye mto.
Nayaokota moja moja,
Maka ameshika saa.