Mate

Baba alijua kupika ulimbo bila kuutazama:
aliusikiliza. Matunda ya mkamasi, asali kidogo,
moto wa polepole, na sufuria ikianza kunong'ona
aliniita nilete vijiti vya mkomamanga.
Nilikuwa na miaka saba. Nilichovya mia na arobaini,
nikavianika uani, nikanyamaza.

Septemba hao, wanashuka kutoka kaskazini,
madume na kofia nyeusi kama waendao mazishini,
majike na kofia za mdalasini.
Kumbeba mmoja ni kubeba barua.
Mbele yao bahari, ng'ambo ya bahari jangwa,
na katikati sisi, Kupro, na vichaka vyetu.

Kumbandua ndege kuna ufundi wake.
Unatia mate kidoleni, unalainisha unyoya mmoja mmoja,
la sivyo ngozi inabaki kijitini na bei inashuka.
Kisha kidole gumba, shingoni. Basi.
Dazeni moja, sahani moja, mlango wa nyuma
wa mkahawa wa Hambis, aliyetaja bei kwa macho.

Sisemi uongo. Viatu vyangu vya shule vilikuwa ndege.
Bati la jikoni, ndege.
Miwani ya mama, ndege mia mbili na kitu.

Sasa nina sare ya kijani na tochi.
Saa kumi alfajiri, bustani ya Pieris inaimba
kupita kiasi: spika imefichwa kwenye mlimau,
inawaita kwa lugha yao, njooni, wenzenu wako huku.
Androulla anakata waya. Kimya.
Namulika: thelathini na mmoja, vichwa chini,
wengine bado wanapiga bawa lililo huru.

Natia mate kidoleni.
Unyoya mmoja mmoja. Mate yale yale,
mkono ule ule alioufunza Loizos,
ila gumba nimelikunja ndani ya ngumi.

Ishirini na sita waliruka. Wanne niliwaandika kwenye fomu.
Mmoja, bawa limechanika, nilimleta nyumbani
katika boksi la viatu.

Baba hakuuliza. Alinawa, akaketi,
akamenya tini, akaitafuna mpaka ikawa uji,
akamlisha kwa ncha ya kijiti.

"Wenzake wataondoka Alhamisi," alisema,
"upepo ukigeuka."

Miaka yote ile
alikuwa anajua siku.