Meno Thelathini na Mawili

Gerezani, saa nne asubuhi. Umeme umerudi.
Vipande vitatu vya alumini viko mezani,
na Siwatu yuko mlangoni, juu ya baiskeli yake ya miguu mitatu,
ile ya kuzungusha pedali kwa mikono,
gia yake imeng'oka meno
kama mtoto wa darasa la kwanza.

Cha kwanza kimezaliwa tanuri la uani, Keko:
pistoni za Fuso, masufuria ya shughuli, fremu za madirisha,
vyote viliyeyukia chungu kimoja.
Bei yake chai na chapati mbili.
Nikikigonga hakilii, kinakohoa.
Nikikikata, ndani ni mkate wa kumimina.

Cha pili ni saba-sifuri-saba-tano.
Shemeji yangu Mwinshehe alikipata kwenye mabaki ya ndege,
sikumuuliza zaidi.
Kisu kikigusa, chenga zinaruka fupi, kavu,
kama majibu ya mtu mwenye cheo.
Ila hewa ya chumvi ya mji huu inakila,
na moto wa kuungia kinaukubali usoni tu:
kitapasuka baadaye, kimya kimya,
fundi keshalipwa.

Cha tatu, sita-sifuri-sita-moja.
Kina ulaini wa kuudhi. Unyuzi wake mrefu
unajisokota kwenye kisu, unang'ang'ania,
mpaka nidondoshe mafuta ya taa.

Nikiri: mkono ulishashika cha pili.
Fundi naye hupenda kusifiwa.
Nikaanza kumweleza nguvu, wepesi, mabawa.
Akanikata:
"Fundi Kondo, mimi siruki.
Nabeba ndoo mbili za maandazi, napanda kilima.
Ikivunjika Mtoni magharibi, nani ataiunga?"

Nikanyamaza, nikachukua kalamu.
Meno siwezi kuyanenepesha,
mnyororo una kipimo chake.
Mwili naweza: milimita mbili kuzunguka tundu la ekseli,
na kona zote niziviringe, ufa usipate pa kuanzia.
Moto utaipunguzia nguvu siku ya kuungwa, najua.
Lakini itaungika.

Cha pili nimekirudisha kwenye gazeti lake, chini ya meza.

Sasa nagawa duara, jino baada ya jino,
mafuta ya taa yananuka mpaka barabarani,
na Siwatu anahesabu kwa sauti, hanipi nafasi ya kukosea.
"Thelathini na mawili," anasema. "Kama ya mtu."

Yangu yamebaki ishirini na saba.
Nikafunga mdomo, nikaendelea kupiga tupa.